Lugha Zote ni Gunia Moja

Jumatatu, 4 Julai 1938. Mwaka na miezi mitano tangu niondoke Ungoni.

Mkonge tangu alfajiri. Mkono wa kulia haufungi ngumi tena. Jioni mwenzangu Dionis alinimegea tonge kama mtoto. Nikiendelea hivi nitarudi kwa mke wangu Romana bila mkono wa kushika jembe, na baba yake atasema alijua.

Lakini leo, habari! Meneja wa shamba anatafuta mkalimani. Manamba wapya wanakuja huku Mchinga kutoka milima ya Kipatimu, Wamatumbi watupu. Mkalimani hakati mkonge. Anasimama kivulini, anasema. Kusema naweza! Nafasi ni yangu.

Tatizo dogo: sijui Kimatumbi.

Jumanne, 5 Julai.

Nimegundua jambo kubwa! Sisi Wangoni twasema vandu. Wamakonde, vanu. Wamatumbi, asema mpishi wa Meneja, bandu. Waswahili, watu. Ni gunia moja, limeshonwa mdomo tofauti tu! Kanuni yangu: toa wa, weka ba, sema kwa sauti kubwa. Na hata darasa la pili la misheni sikumaliza!

Mfaume naye anaitaka nafasi hiyo. Mtu wa kisiwa cha Songo Mnara, kazi yake kuhesabu matita ya majani, na hajapata kusikia sentensi ya mwenzake asiisahihishe. Nilipomweleza kanuni alicheka, akasema Kiswahili chenyewe bado kinanikimbia. Nikamjibu kwamba hata chake si kile cha vitabu vya shule. Akawaka! Cha vitabu kimetoka Unguja juzi, akasema, chake kimetoka kwa bibi yake, na bibi yake hakuwahi kukosea.

Lakini Meneja akipiga kelele, "Mimi taka watu mbili, kuja hapa sasa!" Mfaume hasahihishi. Anakimbia.

Jumatano, 6 Julai.

Nimeijaribu kanuni kwa Stefania, mama wa Kimakonde auzaye mihogo ya kuchoma langoni. Kwake nilitoa wa, nikaweka va, kila mahali. Aliniuliza kama naumwa jino. Alipomaliza kucheka alinionya kwamba maneno hayaingii yote kwa mlango mmoja, mengine yana mlango wa uani. Kisha akanigombeza: mbona namsemesha kama kitoto, mtu mmoja? Kwao mkubwa husemeshwa kana kwamba wako wengi. Hata kwetu ni hivyo! Tamaa ya cheo ilinisahaulisha.

Moja kwa moja hadi kwa Meneja. Shikamooni, Bwana! Mmeamkaje? Mmekula? Meneja akageuka kutazama nani yuko nyuma yake. Mfaume akauliza kwa sauti, jamani, Bwana ana vichwa vingapi? Jikoni wote hoi kwa kicheko.

Sikuvunjika moyo. Bwana aligeuka, maana yake alinisikia.

Ijumaa, 8 Julai.

Mtihani! Wamatumbi wamefika. Mbele yao mzee Laurenti, mfupi, rozari shingoni. Meneja akatuita sote wawili. Mfaume akaanza: Kiswahili kirefu, kitamu, cha bibi. Wakamsikiliza kama watu wanaongoja sala iishe. Zamu yangu. Nikatoa wa, nikaweka ba, kwa sauti kubwa. Wakatazamana. Hata mbwa wa Meneja alitulia.

Mzee Laurenti akaniuliza kwa Kiswahili kilichonyooka mimi ni kabila gani. Nikavimba kifua: Mngoni!

Ole wangu. Wangoni na Wamatumbi ni watani. Mzee akapiga makofi, akawaambia wenzake kwamba mjukuu wa wezi wa mbuzi amejileta mwenyewe. Akanivua kofia, akaivaa. Mwingine akachukua tumbaku. Mwingine akafungua mshipi wangu, nikabaki nimeshika suruali kwa mkono mzima. Utafanyaje? Mtani hadaiwi. Ukinuna, aibu ni yako. Nikamrudishia inavyopasa: babu yake alikimbia mbio hadi mbuzi wenyewe wakamwonea huruma! Wakacheka wakaegemeana.

Meneja akataka kujua nani piga kelele. Laurenti akamweleza, akawageukia wenzake kwa Kimatumbi, neno moja au mawili, na mara wote wako mstarini, kicheko bado mdomoni. Meneja akamnyooshea kidole: "Wewe! Kalimani!"

Mfaume akasema, mkalimani. Polepole, Bwana asisikie.

Jumamosi, 9 Julai.

Nimetiwa kundi la Laurenti. Yuko kivulini, na kofia yangu. Hata hivyo amenipa mistari mifupi ya kukata. Mtani hukuvua nguo lakini hakuachi ufe. Ameutazama mkono wangu, akauliza, wewe mwizi, unangoja ukatike? Eti Dionis anarudi kwetu Ungoni kesho, niende naye, nyumbani nitapona. Na Kimatumbi, akasema, hujifunzwa kwa kukaa kimya na kusikiliza.

Kimya! Mkalimani gani hukaa kimya?

Jumapili, 10 Julai.

Dionis ameondoka alfajiri. Peke yake.

Siwezi kwenda sasa. Mwezi ujao wanakuja Wamakua! Nimemuuliza mpishi, asema wao huanza na a tu. Toa wa, weka a! Rahisi kuliko zote. Laurenti hajui Kimakua, nimehakikisha. Kesho nachukua kipande kingine, kadi ya siku thelathini za kazi.

Nimempa Dionis salamu amfikishie Romana: narudi kabla ya Krismasi, nikiwa mkalimani. Ikishindikana, Pasaka. Pasaka hakika.