Mbuzi Wangu Watatu Si Pet

Mzee Kamande,
Mount Druitt, Sydney.

Kwako Bi Wilkister, wakala wa nyumba,

Kwa heshima na machungu, nimepokea notisi yako ya kunitaka nihame kabla ya Jumamosi, eti mkataba unakataza "pet". Wale mbuzi uliowaona uani ni wa ntheo, posa ya Kikamba. Wewe ni mtu wa nyumbani, mila unazijua: mwanangu Maxwell asipowafikishia wakwe zake Wakamba wa hapa Sydney mbuzi hao Jumamosi, hana mke. Basi nimeulizia neno hilo kote katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, na malalamiko yangu ni haya:

1. Lydie, mwenzangu wa kazini kutoka Kongo, anasema kwa Kifaransa pet ni ushuzi. Mbuzi wangu wana adabu. Anayejamba humu ndani ni mimi, na huwa nafungua dirisha.

2. Mzee wa Kiholanzi ninayemwogesha anasema kwao pet ni kofia. Ninayo moja, naivaa mwenyewe.

3. Bibi mmoja Mkroatia anasema pet ni tano. Mbuzi ni watatu: beberu mmoja, majike wawili. Wahesabu hata mara kumi.

4. Sasa tuje kwa hao Waingereza wako, wanaosema pet ni mnyama anayefugwa kwa mapenzi. Mapenzi gani, Bi Wilkister? Yule beberu atachinjwa. Hata jina hana. Ukweli ni kwamba yeye ni nyama ambayo bado haijaingia kwenye friji, na hakuna mahali mkataba unanikataza kuweka nyama.

5. Kwa hiyo naomba notisi iondolewe, na ua utengenezwe haraka, kwa sababu mbao mbili zimeliwa.

Nisalimie mumeo, watoto, na wote hapo ofisini, hata yule bwana aliyekuja kukagua nyumba akakimbizwa hadi barabarani.

Mpangaji wako mtiifu,
Kamande

N.B. Nilipokuwa natafuta stempu, jike mmoja amezaa mapacha. Sasa wako watano. Beberu ameivaa kofia yangu na hataki kuivua, na tangu ale maharage yangu, dirisha halifungwi. Asubuhi nilikuwa nanoa kisu, akaja akalaza kichwa gotini pangu. Nililia, Bi Wilkister. Nimewaomba wakwe wapokee beberu mwingine. Wamenicheka sana, wakakubali. Tafadhali nitumie fomu ya kuomba ruhusa ya pet. Kwenye nafasi ya jina la pet, andika Jacky Kamande.