Posa Iliyozuiwa na Kompyuta

Jumatatu, 3 Novemba

Mawingu ya mtaa wetu wa Donholm leo ni laini kama maandazi. Nimeyatazama dirishani asubuhi nzima nikimwona Ruqaiya ndani yake. Basi, nimeamua. Nitamposa! Shangazi Muhiba anasema buibui lake limepigwa pasi, atakwenda na mjomba kwa kina Ruqaiya kule Komarock kama watu wanavyofanya. Nikamwambia apumzike. Mimi ni fundi wa tovuti. Nimemtengenezea Ruqaiya ukurasa mzima wa intaneti: maua ya waridi yanadondoka polepole, taarabu inasikika kwa mbali, na chini kabisa swali lenyewe. Kiungo cha kuufungulia nimekituma kwa barua pepe ya ofisini kwao. WhatsApp ni ya kuulizia bei ya viazi.

Jumanne, 4 Novemba

Amejibu! Anasema barua imefika ila kiungo kimezuiwa, maana kompyuta za ofisi haziamini viungo vinavyotoka nje. Anauliza kama nimeingiliwa na wezi wa mtandaoni. Wezi! Nimempigia Bwire, msimamizi wa kompyuta pale ofisini kwao. Muungwana kabisa. Alisema atakifungulia kiungo njia mara moja, mradi nimweleze kina nini ndani. Nilikataa. Mambo ya moyo wangu yaanze kusomwa na Bwire? Mchana nilisinzia, nikaota waridi langu limepanga foleni getini na askari analikagua ua moja moja.

Jumatano, 5 Novemba

Mbinu mpya. Kiungo nimekificha chini ya kitufe chekundu: "Bonyeza hapa upokee zawadi ya maisha." Juu yake nimeandika afanye haraka, nafasi ni moja tu. Kweli tupu, kila neno! Nimetuma kwa anwani mpya ili kompyuta isinitambue.

Jioni Shangazi ameniletea habari ya kunikata maini. Ubaid mwenye duka la mchele naye anamtaka Ruqaiya, na wazee wake wanakwenda Komarock Ijumaa. Ubaid! Hata barua pepe hana. Ruqaiya nampenda, na hapo sifanyi mzaha.

Alhamisi, 6 Novemba

Barua yangu imesomwa na ofisi nzima. Bwire ameionyesha ukutani kwenye mafunzo ya kutambua matapeli, kitufe changu kimezungushiwa duara. Ruqaiya alinijua kwa sababu nilimwita Mwezi wa Komarock, na hakuna mwingine anayemwita hivyo. Alinipigia simu. Hakucheka.

"Idarusi, kama una neno na mimi, shangazi yako anapajua kwetu. Aje leo. Baba yuko nyumbani."

Nilifurahi hadi nikakaa sakafuni. Ananitaka! Nikamwambia Shangazi avae haraka. Alipofika mlangoni nikaanza kufikiri. Kweli aende hivi hivi, bila waridi, bila taarabu? Nimemwomba asubiri hadi kesho, kwanza nimfungulie babake Ruqaiya barua pepe ili mzee naye auone ukurasa. Shangazi alivua viatu, akaenda kuchambua mboga.

Ijumaa, 7 Novemba

Anwani ya mzee imekwama. Kampuni ya barua pepe imetuma nambari ya uthibitisho kwenye simu yake, na Ijumaa mzee huzima simu kwa ajili ya swala. Nilingoja. Alasiri wazee wa Ubaid walifika na sinia la halua, wakanywa kahawa, wakapewa jibu. Wamekubaliwa. Kwa halua tu! Nililia kidogo, kisha nikalia sana.

Jumapili, 9 Novemba

Shangazi amenionea huruma. Amenitajia Yumna wa Shauri Moyo, binti wa rafiki yake, mpole na mwenye kicheko kizuri. Anasema mamake yuko nyumbani na wanaweza kwenda alasiri hii hii. Nilifumba macho kidogo nikamwaza, na kumbe Yumna anapendeza! Nikauliza anafanya kazi wapi. Benki. Ulinzi wa kompyuta za benki si wa kuchezewa, kwa hiyo ukurasa huu lazima uwe na vitufe viwili. Nimemwambia Shangazi asijisumbue kwenda, aniletee tu barua pepe ya Yumna.