Bi Faili na Vita vya Nusu Siku

Sogeeni, enyi mliowahi kuomba ruhusa mkaambiwa subirini kidogo! Zimeni sauti za simu, funikeni chai isipoe, na anayetaka kukohoa akohoe sasa hivi, kwa maana inakuja habari ya Bi Faili, simba jike wa ofisi ya utumishi, mwenye kalamu mbili nyweleni na ya tatu mdomoni, aliyeingia vitani saa nne asubuhi dhidi ya dola la ng'ambo kupigania nusu siku. Si siku, jamani. Nusu.

Fahamuni kwamba kampuni ile ilikuwa na miguu katika nchi kumi na moja na kichwa katika nchi ya kumi na mbili, huko kwenye baridi. Kichwa kikaamuru kwamba ruhusa zote zipite katika mfumo mmoja wa kompyuta, na lango la kila ghala lifunguke kwa kidole, na kidole cha mtu kisitambulike kabla ya saa kumi na moja jioni ila mfumo umeridhia. Amri ikavuka bahari, malango yakatii.

Ndipo akaingia Kreni, nguzo ya ghala, mbeba magunia mawili kwa bega moja, suti ikichungulia chini ya ovaroli.

"Dada, mfumo umenikataa," akasema. "Na saa nane namwoza binti yangu."

Bi Faili akafungua faili lake, akasoma, akavua miwani. "Binti yupi? Hapa umeandikwa huna mtoto hata mmoja."

"Wa mdogo wangu, marehemu. Mimi ndiye baba mkubwa. Nisipofika, nani atamtoa? Jirani?"

"Mbona siku ya kuajiriwa ulijaza sifuri?"

"Waliuliza niliowazaa. Nikajibu nilichoulizwa."

Bi Faili akaguna mguno uliotikisa kalenda ukutani. Akakumbuka jinsi Kreni alivyomlea yule binti tangu akiwa na meno mawili. Akainua simu kama mtu ainuavyo mkuki, akampigia Mtunza Orodha, aliyekaa katika nchi ya tatu akilinda milango ya mfumo. Muziki wa kusubiri ukamrushia mishale dakika ishirini nzima, na hakutikisika.

"Nambari ya ombi," ikasema sauti, katika ile lugha ya kampuni ambayo kila nchi huisema kwa makosa yake.

"Kwanza habari za huko," akasema Bi Faili, maana kwao shida haitangulii salamu. "Umeamkaje? Watu wa nyumbani?"

Mtunza Orodha alikuwa na miaka sita katika kiti kile, na swali hilo halikuwamo katika majibu aliyoandikiwa.

"Goti linanisumbua," akasema hatimaye.

"Pole, ndugu yangu. Umelikanda?"

"Sijalikanda."

"Likande kwa maji ya moto. Sasa nina mtu wangu hapa, anaoza mtoto wa mdogo wake."

Mtunza Orodha, moyo umeshalainika, akapekua sababu zote za ruhusa kwa sauti: mume, mke, mzazi, mtoto wa kumzaa au kumlea. Mtoto wa ndugu hakuwamo. "Lakini kuna mnyama wa nyumbani," akasema kwa upole. "Huku kwetu paka akiugua, mtu hupewa nusu siku. Niandike paka?"

"Andika paka, dada," akanong'ona Kreni, akitazama saa. "Mimi nifike tu."

Hapo Bi Faili akasimama, na kiti chake chenye mguu uliofungwa kwa kamba kikaanguka nyuma yake. "Miaka kumi na nne nimekalia kiti hiki," akanguruma, "nimepokea amri za watu nisiowajua sura, nimejaza fomu ya kuomba fomu. Bibi harusi sijawahi kumwandika paka, na leo siandiki. Kesho akija kuomba kazi hapa, mfumo utauliza kama amechanjwa. Kwetu kaka wa baba ni baba, na huyu ndiye aliyemlea. Basi."

"Kama amemlea, ni mtoto wake," akasema Mtunza Orodha. "Rekebisha faili la familia. Hilo halihitaji ruhusa yetu. Unaweza mwenyewe tangu mwaka juzi."

Bi Faili akainua kiti chake, akamwombea shifaa ya goti, akakata simu.

"Hesabu watoto wako," akamwambia Kreni. "Wote, nisirudi vitani tena."

"Wa marehemu wanne. Wa kaka saba. Wa yule wa mwisho watano, hapana, kuna mapacha, sita. Wa dada..."

"Wa dada acha, hao wewe ni mjomba. Napigana vita mara moja tu kwa siku."

Akaandika kumi na saba, akabonyeza. Mfumo ukazunguka, ukazunguka, ukawa kijani. Saa sita na robo Kreni akaweka kidole, na lango lililokuwa halijamtii mwanadamu mchana likafunguka mbele ya ghala zima, vijana wakigonga makopo. Na iandikwe kwamba siku hiyo, katika nchi zote kumi na mbili, nusu siku moja ilishinda.

Nje ya lango simu ya Kreni ikalia. Akasoma ujumbe wa mkuu wa ng'ambo mwenyewe: "Hongera kwa kupata watoto kumi na saba leo. Tunamtakia mama yao mapumziko mema."

Akarudi mpaka kwenye dirisha la ofisi. "Dada, ujumbe huu umekuja kwangu peke yangu?"

"Nakala hupelekewa mke," akasema Bi Faili.

Kreni akalegeza tai. "Basi niombee na ile nusu nyingine."