Aliyesimama Kulia

Jumatatu, 3 Machi
Shajara yangu, niwie radhi kwa kimya cha miezi saba. Sikuugua. Nilikuwa nimekalia kiti cha marehemu mama, dirishani, nikitazama pazia likivuta pumzi. Ukikikalia, mchana hupita bila kubisha hodi.

Sasa dada anakitaka! Jumamosi anahamia kwa mwanawe, na ndani ya lori imebaki nafasi ya kiti kimoja. Anasema mama aliamua mambo siku tulipopigwa picha yetu ya pekee, sisi wawili kila mmoja ubavuni pake: alisema, "Kiti changu ni cha aliyesimama kulia." Kweli, maneno yalikuwa hayo. Lakini nani alisimama kulia? Dada anasema ni yeye. Mimi nasema ni mimi. Picha ililiwa na mchwa, imebaki negativu yake ya filamu. Nitaipiga picha kwa kamera ya dijitali, niikuze, nimnyamazishe.

Jumanne, 4 Machi
Nimeazima kamera, lenzi ya kupigia vitu vidogo na kisanduku cha taa kwa mpiga picha wa mtaa wetu. Watu humwita Tabasamu, kwa kuwa hana. Alinieleza yote: kamera itazame chini, wima kabisa, negativu ilale juu ya taa bila kujikunja, vumbi lipulizwe kwa mpira wa kuminya, kamera ijifyatue yenyewe ili mkono usiitikise. Kisha alisema jambo kuhusu upande unaong'aa na upande usiong'aa. Sikulisikia vizuri. Alikuwa ametamka "malenzi", nami nilikuwa nikimfafanulia kwamba wingi wa lenzi ni lenzi. Alinitakia heri, kwa umoja na kwa wingi.

Jumatano, 5 Machi
Ajabu! Juu ya taa mama ana nywele nyeupe na meno meusi. Anga ni giza, vivuli vinawaka. Nilimtazama hadi chai ikapoa. Nilipuliza mara moja, nikachoka. Nikafyatua.

Kwenye kompyuta niligeuza rangi. Mama akarudi kwenye mwanga wa mchana, taratibu, kama mtu anayeamka. NIMESIMAMA KULIA KWAKE!

Si hilo tu. Aproni ya mama, aliyoidarizi dada akiwa na miaka kumi, imeandikwa AMAM. Amam! Miaka hamsini na minane anajivunia darizi ile! Nimetafuta wino mwekundu.

Alhamisi, 6 Machi
Nilimpelekea dada picha, kosa likiwa ndani ya duara jekundu. Nikamweleza silabi ni nini. Alinisikiliza kwa upole wa kutisha, akafungua sanduku alilokwisha kulifunga, akatoa aproni yenyewe.

MAMA.

Alicheka hadi akashika ukuta. Akasema: haya mwalimu, isahihishe na hii. Akasema nimempiga picha mama kwa nyuma.

Herufi za hila! M na A hazina mbele wala nyuma. Lingekuwa neno lingine lolote, ningeshtuka. Nilikwenda kwa Tabasamu. Alisema upande unaong'aa ndio hutazama lenzi, la sivyo kulia huwa kushoto, na kwamba aliniambia, ila mimi nilikuwa kwenye wingi. Nimegeuza negativu na kupiga upya. Aliyesimama kulia ni dada.

Ijumaa, 7 Machi
Nilikikalia kiti mchana kutwa, nikikiaga. Jua lilikuwa limefika magotini nilipozinduka. Sarufi! Mama hakusema "upande wa kulia". Alisema "aliyesimama kulia". Na kulia ni kitenzi: ni kutoa machozi!

Niliikimbilia picha, nikaikuza. Shavuni pangu, chini ya jicho, kipo kitone cheupe. Chozi!

Nimempigia dada simu. Akasema hilo ni vumbi, mtoto wewe, kapulize. Lakini sauti ilikuwa imelegea. Akasema siku ile kweli nililia, na mama alinifuta kwa aproni ileile kabla hatujapigwa picha. Kuhusu kiti, ataamua kesho lori likifika.

Nimeazima lenzi kali zaidi, chozi lionekane vizuri. Tabasamu anasema kabla ya yote nipulize. Asinifundishe! Mpira wa kupulizia nimeufungia kabatini, na karibu na negativu hata kupumua napumulia kando. Dada akishaamua, nitakuandikia.