Kuhusu Ebeneza Yetu Kubanwa Kwenye Mstari Mmoja

Kwa Ndugu Mhariri wa kijitabu cha historia ya makanisa ya Hadderclough,

Najua wewe ni mpwa wangu, Clifford, lakini leo nakuandikia kama raia. Nimesoma rasimu yako. Betheli umewapa kurasa sita na picha. Sisi wa Ebeneza, mkabala nao, mstari mmoja: "Walijitenga kwa ugomvi wa kinanda." Na halmashauri imeshasema, kanisa lisilo na historia litageuzwa ghala la mazulia! Kwa heshima zote, nalalamika:

1. Haukuwa ugomvi. Babu yangu Enoch Ormerod alisimama katikati ya wimbo, akawaambia wazee wa Betheli, "Mkiingiza kinanda humu, mimi natoka!" Mmoja akamjibu, "Toka basi, Enoch, na ufunge mlango, baridi inaingia." Akatoka na nusu ya waumini, wakavuka barabara, wakajenga Ebeneza. Huo ni msimamo.

2. Umeficha kwamba mwaka uliofuata tulinunua kinanda kikubwa mara mbili ya chao. Babu hakuchukia kinanda, bwana. Alichukia kinanda chao. Siku chetu kilipolia mara ya kwanza, mashine za kiwanda cha pamba zilisimama zenyewe, na paa la Betheli likasogea. Aliyeniambia alilishika kwa mikono yake.

3. Unadai kwenye maandamano ya Pentekoste Betheli ndio hutangulia. Wanaamka mapema kama wezi, ndiyo maana! Mwaka niliobeba bendera yetu, upepo uliniinua hadi juu ya bomba la moshi la kiwanda, na kutoka huko niliona wazi kwamba sisi ndio tuliokuwa mbele.

4. Jiwe la msingi lina jina la Babu, kwa herufi kubwa kuliko za jina la Bwana. Utaliweka wapi, chini ya zulia?

Kwa hiyo naomba kurasa saba. Sita hazitoshi, watasema tumelingana nao.

Nisalimie dada yangu, yaani mama yako, na mkeo Doreen, na mchungaji, na hata wale wa Betheli, ila si wote.

Mimi mjomba wako mwenye uchungu,
Seth Ormerod

Nyongeza: Ukija kupiga picha Ebeneza, usije Jumapili, hutamkuta mtu. Tangu paa letu lianze kuvuja, sote tunasali Betheli. Kuna joto, na chai yao si mbaya. Lakini msimamo ni uleule: tunakaa upande wetu, na kinanda chao kikianza, tunafunga midomo.