Kurasa Thelathini na Saba za Kumhamisha Mtoto

Serikali ilitangaza, kwa furaha kubwa na vipaza sauti vinne, kuundwa kwa Idara ya Kuwahamisha Watoto Wazima. Kila aliyevuka miaka ishirini na mitano angeondoka kwa wazazi wake. Utafiti wa kina ulikuwa umebaini kwamba uhaba wa nyumba husababishwa na watu kuishi ndani yake.

Heshima ya kuwa wa kwanza ilimwangukia Mama Fundi, mjane aliyeshona sare za shule sebuleni kwake, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika darasa la ngumbaru. Mwanawe wa pekee, fundi bomba wa miaka thelathini na minne, hakuwa amehama. Kila asubuhi alimwinua mama yake kitandani, maana magoti yake yalikwisha kugoma, akamketisha mbele ya cherehani ya mkono, ndipo akaenda kuzibua masinki ya watu. Idara iliita hali hiyo utegemezi sugu. Haikufafanua nani anamtegemea nani.

Mkurugenzi alikuja mwenyewe, na mpiga picha na fomu ya kurasa thelathini na saba. Alieleza kwamba afisa haruhusiwi kutoka katika nyumba kabla mzazi hajasaini. Shughuli yenyewe, alisema, ingechukua dakika tano. Akafungua kidau cha wino.

"Weka dole gumba hapa tu, mama."

"Ngoja kwanza nisome, mwanangu."

"Kurasa zote?"

"Mwalimu wetu ametukataza kusaini tusichokisoma."

Akavaa miwani, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akalitamka silabi kwa silabi kama walivyofundishwa. Neno "ujumuishwaji" lilikula nusu saa na vikombe viwili vya chai. Jioni walikuwa ukurasa wa nane. Mpiga picha akaaga, kwa kuwa kanuni haikumtaja.

Mkurugenzi akahamia kwenye kochi. Siku ya pili alisifu maharage, akaomba kuongezewa. Siku ya tatu alinung'unika kwamba shati lake halikupigwa pasi vizuri kwenye kola. Fundi bomba, aliyemwazima shuka, kandambili na taulo, alimkokota mama yake taratibu hadi jikoni akamuuliza mgeni huyu ataondoka lini.

"Akiondoka yeye, unaondoka na wewe," mama alisema. "Mwache ale."

Hata hivyo kurasa zilipungua, na kila moja ilimsogeza mwanawe mlangoni. Kuanzia ukurasa wa thelathini Mama Fundi alisoma hata nukta.

Asubuhi ya nne, ukurasa wa thelathini na sita, katika herufi ndogo kama sisimizi, kidole kilisimama. Kifungu kilisema kwamba kila nyumba itahamisha mtu mmoja: yule mtu mzima aliyelala na kula humo siku tatu mfululizo bila kuwa na kazi yoyote ya nyumbani.

Akakirudia. Safari hii hakuhitaji kidole.

Mkurugenzi aliacha kutafuna. Alisema kifungu hicho hakikuwalenga watu wa hadhi yake. Mama Fundi akataka kujua nani alikiandika. Kamati, alijibiwa. Na kamati ni akina nani? Mkurugenzi akakohoa, akakiri kwamba akidi haikutimia na kamati ilikuwa yeye.

"Una kazi gani humu ndani, mwanangu?"

Mkurugenzi alifikiri kwa uaminifu wote. Akasema jana aliondoa kikombe mezani. Fundi bomba akathibitisha kwamba kikombe bado kipo mezani.

Mama Fundi akaandika jina la Mkurugenzi kwenye mstari wa mtoto mzima, kwa herufi kubwa zilizonyooka, akasaini. Kisha akamsomea ukurasa wa mwisho, kwa kuwa kazi haiachwi njiani: aliyehamishwa atapewa chumba kimoja, jiko moja na sufuria moja, na hatahudumiwa na mtu yeyote mpaka aweze kujitegemea.

"Na kufua, mama?" Mkurugenzi aliuliza mlangoni, kwa sauti ndogo.

Taarifa ya mwezi ya Idara inaonyesha kuwa mtu mzima mmoja amehamishwa kwa mafanikio. Zoezi limesitishwa hadi atakapojua kupika wali.