Choo cha Mfano

Jumatatu, 9 Juni

Nimechaguliwa! Bi Nimo, afisa wa afya kutoka Garsen, amepiga simu asubuhi. Boma langu ndilo boma la mfano hapa Idsowe. Jumamosi wahudumu wa afya wa Kilelengwani watakuja kujifunza kwangu, wakiongozwa na Caleb. Huyo Caleb tulifunzwa naye kazi hii ya uhudumu wa afya darasa moja. Alinishinda mtihani, na tangu hapo hunisalimia kwa upole, kama mtu anayemjulia hali mgonjwa. Aje aone!

Tatizo moja dogo. Sina choo.

Nilikuwa nacho. Mafuriko yalikizoa, kuta, mlango na paa. Tangu hapo tunajisaidia kule nyuma kwenye vichaka vya mathenge, katikati ya miiba. Na kila baraza nasimama kuwahimiza watu wachimbe vyoo. Nasema vizuri mpaka nimesahau kwamba mwenyewe sina.

Winfred, mke wangu, ameuliza wageni nitawaonyesha nini. Nimemwambia uongozi ni maneno. Amesema choo ni shimo.

Jumanne, 10 Juni

Nimeanza kuchimba alfajiri. Udongo wa hapa ni mfinyanzi mweusi, unang'ang'ania jembe kama mtoto anayekataa kuachishwa ziwa. Kufika magotini, mgongo umelia kacha! Nimeketi ukingoni nikafikiri.

Mgeni huangalia nini? Kuta. Mlango. Usafi. Sijawahi kuona mgeni akiinama kukagua shimo. Basi nyumba kwanza, shimo baadaye. Nimefukia.

Kufika alasiri kibanda kimesimama. Fito, makuti, mlango wa mbao. Nje nimening'iniza kidumu cha kunawia na kipande cha sabuni. Mlangoni nimeandika kwa chokaa: NAWA MIKONO. Kinapendeza kuliko nyumba tunayolala!

Winfred amefungua mlango, ametazama ardhi tupu, amefunga. Amerudi jikoni. Heri angesema neno.

Jumatano, 11 Juni

Jirani yangu Wario amekuja kutazama. Ni mfugaji. Maji yalipomfukuza bondeni alihamia karibu nasi, na tangu wiki iliyopita anachimba choo kwa sababu nilimhimiza barazani. Ananiita Daktari. Nimemkataza, ingawa si sana.

Ameuliza nimemalizaje upesi hivyo, na yeye bado shimo linamfika kiunoni. Nimejibu ni suala la mpangilio. Ameomba kuingia. Nimesema sakafu haijakauka.

Jioni nimepita kwake. Shimo amelifukia! Anasimamisha fito. Kumbe alichungulia kwenye upenyo wa makuti yangu. Akanieleza kwa furaha kwamba amegundua kosa lake: "Daktari anaanza na nyumba. Mimi nilianza kinyume."

Nikafungua mdomo nimwambie ukweli. Nikamwambia fito zake zimenyooka.

Alhamisi, 12 Juni

Habari zimeenea. Vibanda vimeota kijiji kizima kama uyoga. Kila kimoja na kidumu chake, kila kimoja NAWA MIKONO, isipokuwa kimoja kilichoandikwa NAWA MIKOKO. Hakuna chenye shimo. Watu walikuja kupima changu kwa kamba wasije wakakosea.

Mathenge, basi, yamejaa. Asubuhi nimechuchumaa, nageuka, mzee wa kijiji huyu hapa, naye amechuchumaa. Sikujua kama adabu inataka nimwamkie. Nimemwamkia. Amejivuta nyuma ya kichaka kingine.

Kurudi, kiu imenibana. Nimeinama mtoni nikanywa kwa viganja, chupa ya dawa ya maji ikiwa mfukoni mwangu! Kuinua kichwa, Sabdio, mke wa Wario, amesimama na dumu lake ananitazama. Akauliza kama siku hizi maji ya mto hayahitaji dawa tena.

Ilikuwa rahisi kusema nimekosea. Nimesema maji yanayotembea hujisafisha yenyewe. Sijui neno hilo limetoka wapi. Akashukuru, akajaza dumu.

Ijumaa, 13 Juni

Sabdio anaharisha na kutapika tangu alfajiri.

Nimewakuta wakimpandisha kwenye bodaboda kumpeleka hospitali Garsen. Macho yameingia ndani, midomo imekauka. Wario amekaa nyuma yake amemshikilia asianguke. Nimekimbia na pakiti za ile chumvi ya kuongeza maji mwilini, nikazikoroga kwenye maji ya dawa kwa pupa mpaka nusu ikamwagika.

Laiti Wario angenitukana. Aliniuliza tu, kama mwanafunzi anavyomuuliza mwalimu: "Daktari, sisi tulifanya kama wewe. Tumekosea wapi?"

Nikamwambia amshike vizuri. Bodaboda ikaondoka.

Sijala. Winfred ameweka wali na samaki mbele yangu, ameuondoa ukiwa baridi. Nimempigia Bi Nimo nimweleze kila kitu, choo, mto, Sabdio. Alipopokea, nimemuuliza kama wageni watapenda chai au uji.

Jumamosi, 14 Juni

Natamani ardhi ya Idsowe ingenimeza. Lakini haina shimo.

Wamefika saa nne. Bi Nimo mbele, Caleb na wenzake nyuma, viatu vyake vinang'aa. Kijiji kizima kimekuja. Nimehutubia. Nimesema mfano bora hushinda mahubiri. Nimesema, Mungu anisamehe, kwamba mtu hufundisha hata akiwa amenyamaza.

Katikati ya hotuba Caleb ameanza kubadilisha miguu. Barabara ya Kilelengwani ina mashimo, na alikuwa amekunywa chai nyingi. Akaomba radhi, akaelekea chooni. Nikamwahi mlangoni. Nikasema tumalize hotuba kwanza. Akasema haiwezekani. Nikasema ufunguo umepotea. Akaniuliza ufunguo wa nini, mlango hauna kitasa. Akanipita.

Mlango ukajifunga. Kisha sauti yake kutoka ndani, ya upole uleule:

"Gershom. Shimo liko wapi?"

Watu wote wamesikia. Winfred amejifunika uso kwa leso. Bi Nimo amechungulia, amenitazama, kisha amekwenda kwa Wario. Hakuna shimo. Amekwenda kwa mzee wa kijiji. Hakuna shimo. Kila boma hakuna, na kila mwenye boma anamweleza kwa fahari kwamba vipimo ni vilevile vya Daktari.

Amerudi akasimama mbele yangu. Alisema taratibu: "Nilikuambia watu watafuata unachofanya, Bwana Gershom. Hawa hawajakosea hata kidogo."

Hapo nikalia. Mbele ya Caleb! Nikasema yote, na la mto pia, Wario akiwa amesimama palepale. Aliinamisha kichwa. Hakuniita Daktari. Hakuniita chochote.

Caleb alirudi kutoka kwenye mathenge akichechemea kwa miiba. Nilingoja anicheke. Alivua viatu, akakunja suruali, akauliza sururu iko wapi. Kisha akaanza kuchimba uani kwangu. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia saa ile. Nikachukua koleo, nikaanza kutoa udongo.

Jumatatu, 16 Juni

Tumechimba jana na leo. Nimechimba kwangu, nimechimba kwa Wario, malengelenge yamepasuka. Bi Nimo amesema nitapewa nafasi moja zaidi.

Sabdio amerudi! Amekonda, lakini anatembea. Nimekwenda kumwomba msamaha, nikasimama nje kama mtu aliyekuja kuposa na hatakiwi. Nilipokwisha kusema aliuliza kama mimi tumbo halikuniuma. Nikasema halikuniuma. Akasema hilo ndilo linalomkasirisha. Nikaona anazuia kucheka, nikatamani kulia tena.

Aliponiaga alisema nisinywe tena maji ya mto mbele yake. Nimeahidi. Kuanzia sasa nitashuka kunywea kwenye kona ya chini ya mto, nyuma ya migomba, ambako hateki maji.

Alhamisi, 19 Juni

Vyoo vimekamilika! Changu, cha Wario, vya wote. Shimo refu kuliko mimi. Changu kina sakafu ya zege na mfuniko wenye mpini. Bi Nimo atapita mwisho wa mwezi kuvipiga picha, na kitakachopendeza kitabandikwa ofisini Garsen.

Nimekisugua. Nimesimama nikakitazama kinavyong'aa. Kisha nikafikiria miguu ya watoto na matope yake. Nikafikiria nzi. Nikafikiria picha.

Nimekwenda Garsen nikanunua kufuli.

Winfred ameuliza hadi mwisho wa mwezi tutakwenda wapi. Nimemwonyesha mathenge. Ameingia ndani na mpaka sasa hajatoka.

Jioni Wario amepita. Ameanza kuniita Daktari tena, kwa sauti ndogo. Amekizunguka choo. Amelishika kufuli, akaligeuza huku na huku, akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Kisha akaniuliza nimelinunua duka gani.